LIMFOMA IKIRUDI BAADA YA KUPONA: NINI KINAFUATA?

Leo tunaweka utani pembeni kidogo.

Kuna dogo mmoja, msomaji wa hapa, ameniandikia. Dada yake alitibiwa saratani ya tezi, akamaliza kemo zake sita, nywele zikaota, akarudi kazini. Mwaka na miezi kadhaa baadaye anaoga, anajishika shingo, uvimbe umerudi. Nyumbani wamegawanyika. Mama anataka wapande basi waende kwa mganga, baba kanyamaza, na dada mwenyewe hataki hata kuusikia mlango wa hospitali. Dogo anauliza maswali mawili tu: je, hii ndo basi tena? Na kama siyo, tuanzie wapi?

Nimeona nisimjibu peke yake, manake najua wenye swali hili ni wengi.

Kwa mwenye dakika tano za kafe zilizobaki, jibu fupi ni hili: hapana, siyo basi tena. Limfoma ni moja ya saratani chache ambazo hata zikirudi bado kuna watu wanapona kabisa. Ila nafasi hiyo inategemea mambo matatu: ni aina gani, imerudi baada ya muda gani, na inasikia dawa za awamu ya pili au haisikii. Hakuna hata moja kati ya hayo utakalolijua ukiwa umekaa nyumbani. Kwa mwenye muda, twende taratibu.

WATU WAWILI ILIOWARUDIA

Wa kwanza ni Paul Allen, yule aliyeanzisha Microsoft pamoja na Bill Gates mwaka 1975. Mwaka 1982 aligundulika ana limfoma ya Hodgkin, akatibiwa kwa mionzi, akapona. Mwaka 2009 akapata limfoma nyingine, isiyo ya Hodgkin, akatibiwa tena na ikatulia. Tarehe 1 Oktoba 2018 akatangaza kwamba ile ya 2009 imerudi na kwamba ameanza matibabu. Tarehe 15 Oktoba 2018 akafariki, akiwa na miaka 65. Wiki mbili tu.

Wa pili ni Ethan Zohn, Mmarekani aliyewahi kuwa golikipa Highlanders ya Bulawayo, Zimbabwe. Alishinda shindano la televisheni la Survivor lililopigwa picha mwaka 2001 hapo jirani Kenya, hifadhi ya Shaba, akaondoka na dola milioni moja. Akashirikiana na wenzake kuanzisha Grassroot Soccer, taasisi inayotumia mpira kufundisha vijana kuhusu Ukimwi. Mwaka 2009 akapata limfoma ya Hodgkin. Akapigwa kemo, mionzi, akapandikizwa seli zake mwenyewe. Mwaka 2011 ikarudi. Akapewa dawa iliyokuwa mpya kabisa wakati huo, kisha mwaka 2012 akapandikizwa seli za kaka yake. Zaidi ya miaka kumi imepita na bado yupo.

Wote wawili walikuwa Marekani, na Allen alikuwa bilionea. Kwa hiyo usikimbilie kusema ni hela tu. Hela ina nafasi yake, tutafika huko, lakini kilichorudi mwilini mwa Allen siyo kilichorudi mwilini mwa Zohn. Ukisikia "limfoma imerudi", bado hujasikia habari yenyewe.

TUELEWANE MANENO KWANZA

Limfoma ni saratani ya chembe nyeupe za damu zinazokaa kwenye tezi za limfu, hizi tunazoziita mitoki: shingoni, kwapani, kwenye kinena, na nyingine ndani kifuani na tumboni. Siyo tezi dume, siyo goita. Watu wanachanganya sana hapo.

Daktari akisema "hatuoni ugonjwa", maana yake vipimo havioni kitu. Siyo lazima iwe umepona moja kwa moja. Ni kama kupalilia shamba: juu pamesafishika, lakini kukibaki kijimzizi kimoja ardhini, mvua ikinyesha magugu yanachomoza. Ndiyo maana kuna kliniki za kufuatilia hata kama unajisikia ngangari.

Kuna pia tofauti ya ugonjwa ULIORUDI na ugonjwa SUGU. Uliorudi ulitoweka ukaja tena. Sugu haukuwahi kutoweka, au uliendelea kukua ukiwa bado kwenye dawa. Sugu ndiyo yenye kazi ngumu zaidi.

HATUA YA KWANZA NI KINYAMA TENA

Hapa ndo wengi wanakosea. Uvimbe ukitokea, watu wanasema "si tunajua ni ileile, ya nini kukatwa tena?" Hapana jamani! Sababu ni tatu.

Moja, inaweza isiwe saratani kabisa. Kwetu huku kifua kikuu cha tezi kipo kingi, na mtu aliyetoka kwenye kemo kinga yake iko chini. Uvimbe shingoni, homa za usiku, jasho na kukonda: TB na limfoma vinafanana kama mapacha. Ukimpa kemo mtu mwenye TB ambayo haijatibiwa, umemmaliza.

Mbili, inaweza kuwa limfoma lakini imebadilika. Ile ya polepole inayoitwa ya folikula huwa wakati mwingine inageuka kuwa kali. Tiba inabadilika kabisa.

Tatu, dawa mpya nyingi zinalenga alama fulani juu ya seli. Lazima maabara ithibitishe alama hiyo bado ipo.

Ikiwezekana itolewe tezi nzima au kipande kizuri, siyo kuvuta tu kwa sindano nyembamba. Pamoja na hapo vipimwe virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B. Usishangae kuhusu homa ya ini: dawa ya rituximab inaweza kuiamsha ikiwa imelala mwilini. Mwenye VVU asiache ARV wakati wa kemo, isipokuwa daktari aamue kumbadilishia aina.

"SI WANIPE TU ILE DAWA ILIYONISAIDIA?"

Swali zuri, na linaulizwa sana. Kwa limfoma kali ya seli kubwa, tiba ya kwanza ya kawaida ni R-CHOP, kila baada ya siku 21, mara sita. Ndani yake kuna ile dawa nyekundu kama juisi ya rozela, doxorubicin. Ile inapiga saratani vizuri lakini inachosha moyo, na uharibifu unajumlishwa maisha yako yote. Madaktari wanaipima kwa miligramu kwa kila mita ya mraba ya mwili, na kwa kawaida hawataki kuvuka jumla ya 450 hadi 550. R-CHOP sita zinakula 300. Kwa hiyo nafasi iliyobaki ni ndogo, na isitoshe chembe zilizorudi ni zile zilizonusurika na dawa hiyohiyo. Unahitaji silaha nyingine.

(Majina ya dawa nayaacha kama yalivyo kwenye boksi ili uweze kuyatafuta mwenyewe.)

MUDA UNASEMA MENGI, NA SOMO HILI LILITOKA KAMPALA

Wengi hawajui kwamba Afrika Mashariki ina historia nzito kwenye ugonjwa huu. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji pale Mulago, Denis Burkitt kutoka Ireland, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Uganda. Leo dunia nzima inauita limfoma ya Burkitt. Mwaka 1964, kutoka kwenye vipande vya uvimbe huo vilivyosafirishwa London, ndimo alimoonekana kirusi cha Epstein-Barr. Mwaka 1967 Kampala ikafunguliwa kituo cha kutibu limfoma, ambacho ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Madaktari wa pale waliona jambo moja: watoto ambao uvimbe uliwarudia ndani ya miezi michache ya mwanzo mara nyingi hawakusikia dawa tena, wakati waliorudiwa baadaye walikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kutibika upya. Miongo mingi imepita na kanuni bado ni ileile kwenye limfoma nyingi: inayorudi mapema ni ngumu kuliko inayochelewa.

Kwa ile kali ya seli kubwa, inayorudi wengi huwarudia ndani ya miaka 2 ya kwanza. Mpaka unaoangaliwa sana ni mwezi wa 12 baada ya tiba. Kabla ya hapo, tahadhari. Baada ya hapo, matumaini yanaongezeka.

TIBA ZENYEWE

1. Kemo ya awamu ya pili. Utasikia majina kama ICE, DHAP au GDP, mara nyingi ikiongezwa rituximab kama limfoma ni ya seli B. Ni mchanganyiko mwingine wa dawa, mkali zaidi, mara nyingi unalazwa. Kazi yake ni mbili: kupunguza ugonjwa, na kuonyesha kama bado unasikia dawa. Jibu la swali hilo ndilo linaamua njia inayofuata.

2. Kupandikizwa uloto kwa seli zako mwenyewe. Watu wakisikia "kupandikiza" wanadhani ni upasuaji. Siyo! Wanakuchoma sindano za kuchochea seli mama zitoke kwenye uloto ziingie kwenye damu, wanazikusanya kwa mashine, wanazigandisha. Kisha unapigwa kemo nzito mno, ambayo peke yake ingekuacha bila damu. Halafu seli zako zinarudishwa kwa dripu, kama unaongezewa damu. Unakaa chumba cha peke yako kama wiki mbili hivi mpaka chembe zianze kupanda.

Inasaidia? Mwaka 1995 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa linaloitwa PARMA, la wagonjwa wa limfoma kali iliyorudi lakini inayosikia dawa. Baada ya miaka 5, waliopandikizwa walikuwa hai asilimia 53, waliopata kemo ya kawaida peke yake asilimia 32. Soma tena hayo maneno: "inayosikia dawa". Kama haisikii, kupandikiza seli zako mwenyewe kunasaidia kidogo sana.

3. Seli za mtu mwingine. Hii ndiyo ya pili aliyofanyiwa Zohn. Kinga ya mchangiaji inashambulia saratani, lakini inaweza pia kushambulia mwili wako. Ni hatari zaidi. Kila ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi ya 1 kati ya 4 ya kulingana nawe kikamilifu.

4. Seli za kinga zilizofundishwa upya, maarufu kama CAR-T. Wanachukua seli zako za kinga, maabara inazipa "macho" ya kuitambua saratani, wanakurudishia. Marekani iliruhusu ya kwanza kwa limfoma kali mwezi Oktoba 2017. Uone tofauti: utafiti uliotoka mwaka huohuo ulionyesha kwamba kwa ugonjwa sugu, kwa dawa za zamani, ni asilimia 7 tu ndio ugonjwa wao ulitoweka kabisa, na nusu ya wagonjwa walifariki ndani ya miezi 6 hivi. Kwenye jaribio la hiyo CAR-T ya kwanza, karibu 43 kati ya kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 5. Baadaye ikajaribiwa kwa walioshindwa na tiba ya kwanza au kurudiwa ndani ya mwaka mmoja, ikapambanishwa na njia ya kemo na kupandikiza: baada ya miaka 4 walikuwa hai karibu 55 kati ya 100, wenzao 46. Ubaya wake ni homa kali na kuchanganyikiwa siku za mwanzo, na bei. Bei ya kutangazwa mwaka 2017 ilikuwa dola 373,000. Ndiyo, umesoma vizuri.

5. Kingamwili zenye mikono miwili. Mkono mmoja unashika saratani, mwingine unashika seli ya kinga, unawakutanisha wapigane. Mfano epcoritamab na glofitamab, zilizoruhusiwa Marekani mwaka 2023. Hizi hazihitaji kutengenezwa kwa kila mtu peke yake. Kwa wagonjwa waliokwisha kushindwa na tiba mbili au zaidi, ugonjwa ulitoweka kabisa kwa karibu 4 kati ya 10.

6. Mionzi. Inafaa ikiwa imerudi sehemu moja tu, au kupunguza maumivu na uvimbe unaobana.

MATUMAINI KWA KILA AINA

Hodgkin: hii ndiyo yenye habari nzuri kuliko zote. Ikirudi, kemo ya pili na kupandikizwa seli zako kunaponya karibu nusu. Na wanaoshindwa hapo bado wana brentuximab vedotin (ndiyo ile aliyopewa Zohn), nivolumab na pembrolizumab. Wapo wanaoishi miaka mingi.

Kali ya seli kubwa: inategemea ule muda na usikivu wa dawa, kama tulivyoona. Ikirudi baada ya mwaka na inasikia dawa, kuponyeshwa ndilo lengo.

Ya folikula: hii ina tabia ya kurudi na kurudi, kama malaria ya zamani. Kuipoteza moja kwa moja ni vigumu, lakini wengi wanaishi nayo miaka mingi, na mara nyingine daktari anakwambia "tuiangalie tu kwanza". Usidhani anakupuuza. Wa kuangaliwa kwa karibu ni yule inayemrudia ndani ya miaka 2 ya kemo ya kwanza: utafiti wa mwaka 2015 ulikuta nusu yao tu ndio walikuwa hai baada ya miaka 5, wakati wenzao walikuwa 9 kati ya 10.

Burkitt: inakua haraka mno, na ikirudi ni ngumu sana. Hapa kila siku ina thamani. Mtoto aliyetibiwa Burkitt akianza kuvimba tena au miguu ikakosa nguvu, usisubiri tarehe ya kliniki.

Kumbuka hizi namba nyingi zimetoka Ulaya na Marekani, ambako mtu akipata homa usiku anafikishwa hospitali haraka. Halafu namba inazungumzia kundi, haimjui dada yako.

HAPA KWETU JE?

Kinyama, kemo na mionzi vipo. Ocean Road na Muhimbili Dar, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, na kwa majirani Kenyatta Nairobi na Mulago Kampala. Rituximab iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015, ingawa kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye kabati la dawa ni vitu viwili tofauti. Uliza mapema.

Kupandikiza uloto kumeanza: Muhimbili mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya uloto iitwayo mieloma, na Benjamin Mkapa Dodoma mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Kwa limfoma uliza kama wanakupokea. Wengi bado wanaelekezwa India. Na India yenyewe Oktoba 2023 iliruhusu CAR-T yake iliyotokana na kazi ya Tata Memorial na chuo cha teknolojia cha Bombay, kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya ile ya Marekani. Bado ni hela ndefu kwa mtu wa kawaida, lakini mlango umefunguka upande ambao ndugu zetu tayari wanakwenda.

Ushauri wangu: kabla hamjauza kiwanja, hakikisheni mna majibu ya kinyama kipya mkononi, na mmeuliza kama ugonjwa unasikia dawa. Kuna familia zinauza kila kitu, mgonjwa anasafiri, anaambiwa kule kwamba kupandikiza hakutamsaidia. Swali hilo lingeweza kujibiwa hapahapa.

IKIFIKA MAHALI DAWA HAZISIKII

Tuseme ukweli, kwa wengine inafika. Hapo siyo "hospitali wamekata tamaa". Kuna tiba shufaa, ya kuondoa maumivu, kichefuchefu, kubanwa pumzi, na kumsaidia mgonjwa na familia. Uganda tangu 1993, ilipoanzishwa Hospice Africa, wametuonyesha kwamba morfini ya maji, dawa ya bei nafuu ya kunywa, inaweza kumfanya mtu alale usiku nyumbani kwake. Tiba hii haisubiri siku za mwisho. Iombwe mapema, hata wakati kemo inaendelea.

MASWALI YA KWENDA NAYO KLINIKI

Andika kwenye karatasi, usitegemee kichwa:

- Kinyama kipya kinasema ni aina ileile au imebadilika?
- TB imepimwa?
- Hii inahesabika imerudi au ni sugu?
- Lengo la tiba hii ni kuponya au kutuliza?
- Moyo wangu umepimwa? Nimeshatumia kiasi gani cha ile dawa nyekundu?
- Baada ya kemo ngapi tutapima kuona kama inasikia?
- Nikipata homa usiku nipige namba gani, niende wapi?

Hilo la mwisho usilidharau. Homa ya nyuzi 38 na kuendelea ukiwa kwenye kemo ni dharura ya saa hiyohiyo. Siyo ya kunywa panadol ukasubiri kuche.

Sasa dogo, nirudi kwako. Dada yako amekaa zaidi ya mwaka bila ugonjwa, hilo lenyewe ni pointi kwake. Mama usigombane naye, anaogopa tu. Mwambie sala na hospitali havigombani, lakini miezi mitatu ya kwa mganga hairudishwi na mtu. Dada naye usimwambie "usiwe na wasiwasi", manake anao na ana haki ya kuwa nao. Mwambie unakwenda naye Jumatatu, utakaa naye kwenye benchi, na karatasi ya maswali utaishika wewe.

Kama wewe au mtu wenu mmepitia hili, dondosha uzoefu wako kwenye maoni hapo chini. Majina ya hospitali na madaktari tuyaache pembeni, tusaidiane kwa yale mliyojifunza. Na kama kuna daktari anapita hapa akaona nimeteleza mahali, anirekebishe bila kuona haya.

Tupo pamoja.